Mary Leakey na makaburi ya mawe kando ya njia ya Mombasa

Gitega tunayoizungumzia hapa ni ile ya Nyarugenge, jijini Kigali, si mji wa Burundi wenye jina hilo hilo. Wanaofanya biashara ya mpakani wanajua kwa nini inabidi kulisema hilo mapema. Ukishuka kutoka Gitega kuelekea Nyabugogo asubuhi, utawakuta wenye maduka wakiulizana kwa Kiswahili gari limefika wapi. La Dar es Salaam linaulizwa Rusumo. La Mombasa linaulizwa Mariakani, kisha Nairobi, kisha Nakuru, kisha Malaba, na mwisho Gatuna. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,600, na Nakuru ndicho kituo kinachotajwa kwa nafuu kidogo, kwa kuwa dereva akifika hapo amekula, amelala na mzigo bado uko salama.

Kilomita zipatazo nne kabla ya kuingia katikati ya Nakuru ukitokea Nairobi, kando ya barabara hiyo hiyo, kuna kilima cha miamba kisicho kirefu. Waingereza walikiita Hyrax Hill kwa sababu ya pimbi waliojaa kwenye mawe yake. Malori ya mizigo yetu hupita chini ya kilima hicho usiku na mchana. Pale pana makaburi yaliyofunikwa kwa mawe, yenye umri wa miaka ipatayo 3,000, na tangu mwaka 1943 yanalindwa na sheria kama eneo la kumbukumbu ya taifa la Kenya. Aliyeyafukua kwa utaratibu wa kitaalamu alikuwa mwanamke wa miaka 24, asiye na cheti chochote cha shule. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya mafuvu ya Olduvai. Habari ya makaburi haisimuliwi sana, ingawa ndiyo iliyotangulia.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyeishi kwa kuuza picha zake, kwa hiyo familia ilihama kufuata mwanga mzuri na nyumba za bei nafuu: Ufaransa, Italia, Uswisi, kisha Ufaransa tena. Kusini magharibi mwa Ufaransa kuna mapango yenye michoro ya watu wa kale, na huko binti huyo alipewa ruhusa ya kupekua vifusi vilivyotupwa na wachimbaji. Aliokota mawe yaliyochongwa, akayapanga kwa namna aliyoiona inafaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza, na kwa kweli ndiyo pekee aliyoipenda.

Baba alifariki mwaka 1926, Mary akiwa na miaka 13. Mama akamrudisha Uingereza na kumpeleka katika shule za watawa. Shule moja ilimfukuza kwa kukataa kukariri mashairi mbele ya wenzake. Nyingine ilimfukuza baada ya kusababisha mlipuko katika darasa la kemia. Hakufanya mtihani wowote wa kumfikisha chuo kikuu. Alipokua alihudhuria mihadhara ya akiolojia London kama msikilizaji tu, akaomba kazi ya bila malipo katika machimbo ya kusini mwa Uingereza, na huko ikagundulika kwamba mkono wake ulikuwa umerithi kipaji cha baba: aliweza kuchora jiwe lililochongwa hata ukaona kila pigo la mchongaji. Sisi wenye shahada zetu za kutundika ukutani tunaweza kuisoma sehemu hii kwa kuinamisha macho. Miaka mingi baadaye vyuo vikuu vikubwa vilimpa shahada za heshima, naye akazipokea.

Michoro ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey mwaka 1933. Louis alizaliwa Kabete, Kenya, mtoto wa wamisionari, akikizungumza Kikuyu kama lugha yake ya nyumbani. Alikuwa anahitaji mchoraji wa kitabu. Alikuwa pia na mke na watoto. Uhusiano wao ulizua kashfa kubwa Cambridge, ukamharibia Louis nafasi ya kazi huko, na ndoa yake ya kwanza ikavunjika mwaka 1936. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka huo huo akamwoa Mary. Hatuna haja ya kulipamba jambo hilo wala kulirefusha.

Kabla ya ndoa, mwaka 1935, Mary alikuwa ameshaonja Afrika Mashariki. Alifika Olduvai, Tanganyika, wakati wa mvua, kwa njia ya matope iliyopanda ukingo wa Ngorongoro kabla ya kushuka kwenye nyanda za Serengeti. Chakula kiliwaishia wakabaki na mchele, samaki wa kopo na jamu. Maji waliyokunywa yalitoka kwenye dimbwi walilogawana na vifaru, na ladha yake iliwakumbusha hivyo kila walipopika chai. Dereva yeyote aliyewahi kukwama siku nne mpakani akisubiri karatasi ataelewa hali hiyo. Mary alitoka huko akiwa ameamua kwamba hapa ndipo atakapoishi.

Waliporudi Kenya mwaka 1937, Louis alikuwa na kazi ya kuandika kuhusu mila za Wakikuyu. Mary aliugua nimonia kali, nusura afe. Alipopona alikuwa hana kazi. Louis alikuwa amekiona kilima cha pimbi tangu miaka ya 1920 alipokuwa akichimba jirani na Nakuru, lakini hakukishughulikia. Mary akakichukua.

Alichokikuta si kitu cha kumvutia mpita njia. Palikuwa na kuta fupi za mawe zilizobomoka, mashimo mapana ambayo watu wa baadaye walifuga ng'ombe ndani yake, na malundo ya mawe yaliyozama nusu ardhini. Mtu anayehitaji mawe ya msingi wa nyumba haoni kaburi hapo. Anaona mawe ambayo mtu mwingine amekwisha kumkusanyia, tena bure. Katika Bonde la Ufa malundo mengi yameishia hivyo, kwenye kuta za maboma, misingi ya maduka na mashimo ya barabara, na hakuna aliyedhani anaiba.

Mary alifanya kazi polepole. Mawe yalichorwa kwenye ramani mahali yalipolala kabla ya kuondolewa, kisha udongo ukatolewa kwa brashi na visu vidogo. Chini ya mawe yaliyopangwa kama kifuniko kulikuwa na watu waliolazwa wakiwa wamekunjwa magoti. Na hapo akaona jambo ambalo mchimbaji mwenye haraka asingeliona: makaburi ya wanawake yalikuwa na vyombo vya mawe, yaani sahani za kusagia na michi, na ya wanaume hayakuwa navyo. Wafugaji hao wa miaka 3,000 iliyopita hawakuacha maandishi, wala hatujui walijiitaje. Lakini tunajua kwamba mwanamke alipokufa, waliobaki walikubali kutengana na chombo kilichomgharimu mtu siku nyingi za kuchonga, wakakiweka kando yake. Chombo kama hicho kilikuwa mali. Mtu haweki mali ardhini kwa mchezo.

Kwa msomaji wa ukurasa huu kuna jambo jingine la kumsimamisha hapo. Wafugaji wa Bonde la Ufa wa enzi hizo walitumia visu vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa. Obsidiani nzuri inatoka karibu na Naivasha. Wataalamu waliolipima jiwe hilo baadaye wameukuta mzigo wa Naivasha mbali kusini, ndani ya Tanzania ya leo, zaidi ya kilomita 200 kutoka chimboni. Kulikuwa na mtu aliyeubeba, mtu aliyeupokea, na bila shaka mtu wa katikati aliyekula faida. Pale pale kilimani, katika tabaka za karibuni zaidi, Mary aliokota sarafu chache za India. Na kwenye miamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwa safu, mchezo ule ule ambao hapa Rwanda tunauita igisoro. Nani alicheza, na walikuwa wakisubiri nini? Ukiwaona madereva wakicheza chini ya trela Malaba huku foleni haisogei, unaweza kujibu mwenyewe.

Mwaka 1938 Mary na Louis walihamia pango moja la Mto Njoro, upande wa pili wa Nakuru. Huko wafu walikuwa wamechomwa moto, watu wapatao 80, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake la jiwe, mchi na kinu. Moto ulikuwa umezigeuza kuwa makaa baadhi ya kamba za shanga na chombo cha mbao kilichonakshiwa, na kwa kugeuka makaa vikahifadhika. Kisha, miaka ya Vita ya Pili ya Dunia, wakaenda ndani ya bonde la Ngorongoro kufungua malundo ya mawe ya makaburi ambayo Mjerumani Hans Reck alikuwa ameanza kuyafukua kabla yao. Yale yana umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kutoka Nakuru hadi Ngorongoro ni makoloni mawili, na leo ni nchi mbili zenye mpaka na forodha, lakini desturi ya kuwafunika wafu kwa mawe na kuwawekea mabakuli inafanana vya kutosha kumfanya mtu ajiulize mpaka ulianza lini kuwa na maana.

Sheria ilikuja nyuma ya jembe. Kenya ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuhifadhi vitu vya kale tangu mwaka 1934, na mwaka 1943 Hyrax Hill ikatangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Maana yake kwa lugha ya kawaida ilikuwa kwamba huruhusiwi kuchimba, kujenga wala kubeba mawe pale bila kibali. Mary alichapisha ripoti yake kamili mwaka 1945, na nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1965. Leo eneo hilo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na sheria ya mwaka 2006. Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, umekua mpaka kukizunguka kilima. Pasipokuwa na tangazo lile la 1943, sidhani kama pangebaki jiwe juu ya jiwe. Kiwanja kando ya barabara kuu ya Nairobi, kila mfanyabiashara anajua bei yake.

Malundo mengine mengi hayajatangazwa. Yapo Bonde la Ufa, yapo kaskazini mwa Kenya hadi mpaka wa Ethiopia, yapo kaskazini mwa Tanzania. Baadhi yamehifadhiwa na desturi tu: mahali pengi wafugaji wakipita kwenye kaburi la mtu mkubwa huongeza jiwe, na lundo hukua badala ya kupungua. Pale ambapo desturi imekufa na sheria haijafika, mawe huondoka. Na bakuli la jiwe lililokuwa chini yake huweza kuonekana kando ya barabara likiuzwa na mtu anayeapa kwamba alilirithi. Wasomaji wetu wanaopenda kubeba kitu cha kupamba duka wajue kwamba kuvuka mpaka na mali ya kale bila kibali ni kosa Kenya na ni kosa Tanzania. Cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya hakitamsaidia mtu hapo, hata kama uasili wenyewe ni wa miaka 3,000.

Lazima tuseme pia kwamba Mary hakumwomba ruhusa mzee yeyote kabla ya kufungua makaburi ya Nakuru. Ardhi ilikuwa shamba la walowezi, ruhusa ikatoka kwa mwenye shamba, basi. Wenyeji waliofukua naye walilipwa ujira wa kibarua. Ndivyo ulivyokuwa ukoloni, na mwanamke aliyefukuzwa shule mbili kwa ukaidi hakukaidi upande huo. Hapa Rwanda tuna kipimo chetu. Mwaka 1969 Mbelgiji Francis Van Noten alifungua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira pale Gaseke, mfalme aliyetawala katika karne ya 18, ambaye mwili wake kwa mujibu wa taratibu za kifalme ulikaushwa na kutunzwa vizazi kadhaa kabla ya kuzikwa. Alilifungua pia la Mama wa Mfalme Nyirayuhi Kanjogera. Kitabu kilitoka mwaka 1972, kwa Kifaransa. Tulijifunza mengi kutokana nacho, lakini wapo Wanyarwanda ambao hadi leo wakipita vilima vya Rutare, walikolazwa wafalme wengine, huongea kwa sauti ya chini. Kaburi linaweza kuwa la elimu na bado likawa la mtu. Mary alichukua muda kulielewa hilo, na sina hakika kama alilielewa lote.

Vita viliwakuta akina Leakey wakichimba Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, ambako waliacha mashoka ya mawe mahali pale pale yalipokutwa, wakajenga njia ya mbao juu yake ili watu watazame bila kukanyaga. Mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni mwaka 1947. Kwa wakati huo lilikuwa wazo geni kidogo, kwamba kitu kizuri hakihitaji kubebwa hadi kabatini. Wavulana watatu walizaliwa, Jonathan, Richard na Philip. Binti yao Deborah alikufa kwa kuhara damu akiwa na miezi mitatu. Mwaka 1948, kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria, Mary akapata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani asiye na mkia wa zamani sana. Mwaka 1951 akaenda Kondoa Irangi kunakili michoro ya miambani, takriban picha 1,600, akiwa juu ya ngazi siku nzima. Alisema wazi baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoifurahia kuliko zote. Michoro ile imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006.

Halafu ikaja asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959. Louis alikuwa kambini Olduvai akiwa na homa ya mafua. Mary alitoka na mbwa wake wawili, akaona mfupa ukichungulia kwenye mteremko, kisha meno. Lilikuwa fuvu ambalo Louis aliliita Zinjanthropus, akitumia jina la kale la Kiarabu la pwani yetu, Zinj, lile lile lililozaa jina la Zanzibar. Vipimo vya mwaka 1961 vikalipa umri wa miaka milioni 1.75. Dunia ikashtuka, na fedha za Wamarekani zikaanza kuingia. Wengi wakadhani Louis ndiye aliyelipata, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya kamera, na Mary hakuhangaika kuwasahihisha.

Tuifuate safari ya fuvu hilo, maana ni safari ya mpakani. Lilitoka Tanganyika likapelekwa Nairobi. Mwezi uliofuata likaonyeshwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika. Likarudi Nairobi, likakaa humo miaka. Tanganyika ikapata uhuru, ikaungana na Zanzibar, na mwaka 1965 fuvu likarudishwa Tanzania. Liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Katika miaka ambayo mataifa mengi ya Afrika yalikuwa bado hayajaanza hata kuandika barua za kudai mali zao Ulaya, nchi mbili jirani zilimaliza jambo hilo zenyewe. Ni mfano mdogo, lakini watu wa forodha na wanasiasa wetu wangeweza kuutaja mara nyingi zaidi.

Louis alifariki London mwaka 1972. Ndoa ilikuwa imepoa muda mrefu kabla. Mary akabaki Olduvai, kwenye kibanda cha nyasi, na mbwa wake, sigara zake nene za Cuba na wiski ya jioni. Alikuwa mkali. Wanafunzi walimwogopa, na waandishi wa habari walipokelewa kama inzi. Wakamba waliofanya naye kazi miaka mingi walikuwa na macho makali kuliko wasomi waliotoka ng'ambo, na Mary alijua hivyo. Peter Nzube, mmoja wao, ndiye aliyeokota fuvu lililobondeka kama chapati ambalo likaungwa upya kipande kwa kipande.

Kilele cha kazi yake kilikuja alipokuwa na umri wa miaka 65, na kwa mara hii hapakuwa na mfupa wala kaburi. Laetoli, kusini mwa Olduvai, volkeno ilimwaga jivu miaka milioni 3.6 iliyopita, mvua ikanyesha kidogo, wanyama wakapita, jua likakausha, jivu jingine likafunika. Mwaka 1978 zilipatikana pale nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi. Paul Abell aliona kisigino kimoja. Mchimbaji Ndibo Mbuika akaendelea kufukua akakuta nyayo mbili, ndogo na kubwa. Zilipofukuliwa zote zilikuwa safu ya mita 27 hivi. Zilikuwa zimetangulia zana yoyote ya mawe iliyojulikana wakati huo. Watu wawili, pengine watatu, wakienda zao kaskazini.

Sasa afanye nini nazo? Fuvu unaliweka sandukuni. Nyayo ziko kwenye jivu jepesi linalomomonyoka kwa mvua moja, katika nchi ya ng'ombe, tembo na watoto wachungaji. Wapo waliotaka zikatwe zipelekwe mjini. Mary alichukua vipimo, akatengeneza nakala, na mwaka 1979 akazifunika: mchanga chini, na juu yake mawe ya volkeno yaliyopangwa kwa karibu. Mwanamke aliyekuwa amefungua makaburi ya mawe Nakuru, Njoro na Ngorongoro alijikuta akijenga lundo lake mwenyewe, kwa sababu ile ile waliyokuwa nayo wale wafugaji wa kale, kwamba kilicho chini kisiguswe na mvua wala mnyama wala mtu.

Lundo lake lilikuwa na kasoro. Mchanga ulikuwa na mbegu za migunga. Katika miaka iliyofuata miti ikaota juu ya nyayo na mizizi ikaanza kushuka. Wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani walifukua upya mwaka 1995 na 1996, wakaikata mizizi kwa uangalifu kama wa daktari wa upasuaji, wakapima tena, kisha wakafunika kwa mchanga uliochekechwa, kitambaa maalumu chenye dawa ya kuzuia mizizi, na mawe juu. Safari hii wazee wa Kimaasai wa eneo hilo walishirikishwa, wakafanya tambiko na kupewa dhima ya kupaangalia. Nakuru mwaka 1937 hakuna aliyeuliza. Laetoli mwaka 1996 waliuliza. Ilichukua karibu miaka 60.

Mary alikuwa amekwisha kuondoka Olduvai. Mwaka 1982 damu iliganda kwenye jicho na kumpofusha upande mmoja; alistaafu, akarudi kuishi pembezoni mwa Nairobi, akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 1984. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83, miezi michache tu baada ya lundo la Laetoli kufungwa kwa mara ya pili.

Nyayo bado ziko chini ya mawe hayo. Mgeni anayefika Makumbusho ya Olduvai huonyeshwa nakala. Akitaka kuona penyewe, ataonyeshwa mawe meusi yaliyopangwa katika nyasi, na mchungaji akipita na ng'ombe wake pembeni.